Jicho la Kushoto la Mama Nafula

Siku yangu ya kwanza kwenye kliniki ya macho nilimwambia mgonjwa atabasamu. Alikuwa mama mtu mzima, kidevu kimekaa kwenye kile kikombe cha plastiki, paji la uso limeegemea mkanda, mboni zimepanuliwa kwa dawa hadi haoni vizuri, na mimi nyuma ya kamera nikasema, "Tabasamu kidogo, mama." Akatabasamu. Mashavu yakapanda, macho yakafumba, na picha, ilipooshwa kesho yake, ikatoka nyeusi tititi. Sista Anyango, muuguzi mkuu, alikuwa amesimama mlangoni na hakucheka. Alisema tu, "Photographer, hapa hatupigi sura."

Nilikuwa nimetoka studio. Studio yangu ilikuwa Gatina, Kawangware, chumba kimoja chenye pazia lililochorwa maporomoko ya maji, ambapo watu wa Magharibi na watu wa ziwa walikuja Jumapili baada ya kanisa kupigwa picha za kutuma nyumbani. Kliniki ilikuwa imeletewa kamera ya kupiga picha ndani ya jicho, na hakuna aliyeweza kuipatia fokasi. Mtu akakumbuka kuna kijana wa picha mtaa wa nyuma. Niliitwa nisaidie wiki moja. Nimestaafu mwezi uliopita.

Nawaandikia nyinyi mliobaki kwenye chumba kile chenye giza, kwa sababu mliniomba, na kwa sababu nikikaa nyumbani bila kazi kichwa kinarudi huko huko. Vyeo sitavitaja, vilikuwa vichache. Mshahara mnaujua. Nitawaambia nilivyofundishwa, halafu nitawaambia habari za jicho moja. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Wajukuu ninao, na wananipenda, lakini huyo mwingine ndiye anayekuja kunitembelea bila kukosa.

Kamera ya wakati huo ilikuwa ya filamu. Ulipiga leo, ukaosha kesho, ndipo ukajua kama ulipata jicho au ulipata kope. Sista Anyango alinifundisha vitu ambavyo baadaye sikuviona kwenye kitabu chochote. Mtu mzima asiambiwe "usipepese", maana ukimtajia kupepesa hatafanya kingine. Mwambie, "Pepesa, pepesa tena, sasa fungua kama umeona mgeni mlangoni." Kichwa cha mtu kisishikwe bila kuomba. Na mkono uwe na joto, kwa hiyo asubuhi za Julai nilishika kwanza kikombe cha chai ndipo nikashika kope la mgonjwa. Mkiona watu wa Kawangware wananisalimia kwa furaha barabarani, ni kwa ajili ya mikono hiyo, si kwa ajili ya picha, maana picha zao wengi hawajawahi kuziona.

Kuna asubuhi wagonjwa wote walipata doa moja la njano, ukubwa ule ule, mahali pale pale. Nilimpelekea Sista zile picha na kumwambia kwa sauti ya mtaalamu kwamba tumepata mkurupuko wa ugonjwa. Alizitazama moja moja.

"Hawa wote ni ndugu?"

"Hapana, Sista."

"Basi enda upanguse lenzi."

Mpaka leo sijawahi kuanza kazi bila kupuliza vumbi kwanza. Nawaomba na nyinyi msiache, hata mashine ikiwa mpya namna gani.

Sasa kuhusu ugonjwa wenyewe. Wengine wenu mnaujua kwa jina refu, lakini nataka tuutazame kama mgonjwa anavyouona. Katikati ya retina, ule ukuta wa nyuma wa jicho, kuna sehemu ndogo ambayo ndiyo inayosoma, inayotunga uzi kwenye sindano, inayotambua sura ya mtu. Uzeeni sehemu hiyo kwa watu wengine huanza kuchakaa. Kwanza hutokea vijidoa vya njano, na mwenye jicho hajui lolote. Vinaweza kukaa hivyo miaka mingi, na hiyo tunaita hali kavu. Kisha kwa baadhi yao vimishipa dhaifu huota chini ya retina na kuvuja, na hiyo ndiyo hali ya majimaji. Kavu hutembea, majimaji hukimbia. Lakini hiyo inayokimbia ndiyo yenye dawa: sindano ndani ya jicho, tena na tena, na ikidungwa mapema mara nyingi jicho huokoka. Ikichelewa hubaki kovu, na kovu halisikii dawa. Lishikeni neno hilo, mapema, kwa sababu yote nitakayosema yamekaa juu yake.

Kwa muda mrefu hatukuwa na wagonjwa wengi wa namna hiyo. Foleni yetu ilikuwa ya mtoto wa jicho, presha ya macho na sukari. Daktari Mutiso, bosi wetu, alidhani huenda watu wetu hawaupati sana. Sista Anyango alimwambia kuna sababu nyingine. Ugonjwa ni wa wazee, na wazee hawakai Kibera wala Kawangware. Mtu akishachoka hapa hurudi ushago. Nairobi ni ya kufanya kazi, ya kuzeekea ni nyumbani kwa baba yake. Sote tuliitikia kwa vichwa, tukaona amesema kweli, tukaendelea na foleni.

Wachache waliobaki tuliwapa karatasi ya miraba. Mnaijua: mistari iliyonyooka wima na ya kulala, na nukta katikati. Mgonjwa hufunika jicho moja kila asubuhi, akaangalia ile nukta kwa jicho jingine. Mistari ikianza kupinda, jicho limeanza kuvuja, na anatakiwa aje siku hiyo hiyo. Kulikuwa na seremala mmoja wa mtaa wa Raila, kule Kibera, ambaye alianza kuja kila baada ya siku chache akihema. "Imepinda! Yote, kutoka juu mpaka chini!" Nampiga picha, jicho kavu kabisa. Anarudi tena. Picha safi. Daktari akaanza kusema labda mzee anataka mtu wa kuongea naye.

Sista Anyango alinichukua tukaenda hadi kwake. Tulishuka Ngong Road, tukakata katikati ya Soko la Toi, tukaingia Raila kwa miguu kama kila mtu. Seremala alitukaribisha akatuonyesha karatasi kwa heshima zote. Alikuwa ameibandika kwa uji wa ngano, vizuri, bila kuacha pembe hata moja, juu ya ukuta wa mabati. Ilifuata kila bonde na kila mlima wa bati.

"Sista," nikasema, "hata mimi naona imepinda."

"Hata mimi. Twende tukatibiwe."

Seremala alicheka hadi akakaa kitandani. Sista aliibandua taratibu, akaibandika kwenye kipande cha katoni, na tangu siku hiyo hakuna karatasi iliyotoka kwetu bila kadibodi mgongoni. Dukani Gatina walizoea kuniona nikiomba maboksi. Tulipokuwa tunarudi aliniambia, "Photographer, usipatie mtu karatasi kama hujui ukuta wake." Wakati huo nilidhani anaongea juu ya gundi.

Miaka ikaenda. Filamu ikaisha, ikaja kamera ya kompyuta. Baadaye ikaja mashine ya skani, ile inayokata jicho kwa mwanga bila kuligusa, ukaona tabaka zake kama za chapati uliyoirarua. Nilikuwa na umri wa kutosha kuiogopa, lakini siku ya pili tu tulikuwa marafiki. Sista Anyango akastaafu, akaenda zake Siaya. Nilimlilia kama mzazi. Sijui kama niliwahi kumwambia.

Kisha ikaja ile programu ya kutabiri. Ilikuwa imelishwa picha za macho ya watu wengi mno, zilizopigwa mwaka hadi mwaka, mpaka ikajifunza ni jicho la namna gani hubaki kavu na ni lipi hugeuka. Unaiwekea skani ya leo, inapima vile vijidoa na tabaka zilizokonda, inakupa uwezekano wa jicho hilo kugeuka katika miaka michache ijayo, pamoja na rangi: kijani, manjano au nyekundu. Daktari Mutiso alituonya tangu mwanzo kwamba macho mengi iliyojifunzia si ya watu wetu, na kwamba uwezekano si hukumu. Faida yake, alisema, ni kujua nani wa kumwona mara kwa mara, ili tumdake siku linapogeuka.

Sisi wa chumba cha picha tuliipa jina kabla ya chakula cha mchana. Tuliiita Nabii. Pale Gatina kila ukuta una bango la nabii fulani anayekuja wikendi na mafuta ya upako, tukaona na sisi tuwe na wetu. Wagonjwa wakalisikia jina wakalipenda. "Leo Nabii amesemaje?" waliuliza wakishuka kwenye kiti. Nilicheka pamoja nao. Siku hizi sipendi hata kulisikia.

Mama Nafula aliletwa na miwani. Yaani alikuja kulalamika kwamba miwani aliyouziwa imechoka. Alikuwa fundi wa nguo Soko la Toi. Watu hununua suruali ya mtumba, wanaipata kubwa, wanampelekea Mama Nafula na cherehani yake ya kukanyaga, anawapunguzia kiuno huku wamesimama. Alikaa Raila peke yake, mjane. Mwanawe Wekesa, fundi wa milango ya chuma, alikaa Gatina na mke na watoto. Kwao ni Bungoma.

Nilipompiga picha niliona miwani haikuwa na hatia. Jicho la kulia lilikuwa limevuja zamani, likabaki na kovu, na yeye hakujua kwa sababu la kushoto lilimfanyia kazi zote. La kushoto lilikuwa na vijidoa vingi vikubwa, vingine vimeanza kuungana, lakini lilikuwa kavu na lilikuwa linaona. Nilimweleza kwa lugha nyepesi. Alisikiliza, akaguna.

"Kwa hivyo hii moja imekufa."

"Hiyo ya kulia haitarudi, mama."

"Na hii ingine ndio ng'ombe ya maziwa."

"Ndiyo hiyo."

"Basi muichunge, photographer. Mimi niko na kazi ya watu."

Tulilichunga. Alikuja kila mwezi, akatuletea maneno ya soko, akanirekebishia koti langu bila kuniuliza kwa sababu mkono mmoja ulikuwa mrefu na ulikuwa unamkera. Kusema ukweli nilimpenda yule mama. Kazini hatufundishwi kuchagua mgonjwa, lakini kuna watu wakiingia chumba kinakuwa na mwanga.

Siku Nabii alipowekwa kazini, skani ya Mama Nafula ilikuwa kati ya za kwanza. Niliipiga mimi. Ilikuwa picha kali, katikati kabisa, na programu ikaisoma ikatoa nyekundu. Daktari aliomba Wekesa aje. Tulikaa wote chumbani kwa daktari, mimi nikiwa kwenye kompyuta niwaonyeshe picha.

Daktari alisema vizuri. Nataka hilo lieleweke. "Mama, jicho hili la kushoto bado ni kavu. Lakini liko kwenye hatari kubwa ya kugeuka. Kwa hivyo tutaendelea kukuona kila mwezi, bila kukosa. Na ile karatasi uiangalie kila asubuhi. Ukiona mistari imepinda, uje siku hiyo hiyo."

Wekesa alikuwa ameshika kofia yake mkononi. "Daktari, linaweza kaa hivi mpaka lini?"

"Siwezi kukuambia siku. Inaweza kuwa mwaka huu, inaweza kuwa mwaka ujao. Na inaweza kuwa lisigeuke kabisa."

Mama Nafula alinigeukia mimi. "Nabii amesema nyekundu?"

"Nyekundu, mama."

Aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu aliyeitikia kanisani. "Haya. Asanteni kwa kuniambia mapema."

Tuliagana kwa kushikana mikono. Niliona siku hiyo kazi imefanyika kama inavyotakiwa kufanyika.

Mwezi uliofuata hakuja. Nilimpigia Wekesa.

"Aah, mzee, mathe tulimpeleka ushago," akasema. "Tulikaa kama familia, tukaona si poa macho impotelee huku. Raila na hizo mitaro, ataanguka. Afadhali aende azoee boma akiwa bado anaona."

"Wekesa, anatakiwa kuonekana kila mwezi. Mrudishe."

"Sawa, tutaona venye tutafanya. Lakini usijali, yuko poa, hata amenona."

Nikamwambia Daktari, naye akapiga, akajibiwa vivyo hivyo, kwa adabu. Nikampigia mama mwenyewe. Nyuma yake nilisikia kuku.

"Photographer! Unajua nimejifunza njia ya kwenda choo bila kuona? Nafunga hii nzuri na leso, natembea. Kwanza niligonga mti wa parachichi, sasa siugongi."

"Mama, na karatasi?"

"Iko. Iko kwa kadibodi yake. Naangalia kila asubuhi kabla ya chai. Bado imenyooka."

"Utakuja lini?"

"Tukimaliza kupanda."

Walipomaliza kupanda ikawa ni palizi. Nilipiga tena, na tena, kisha simu yake ikawa haipatikani, na Wekesa akasema ni kioo kimevunjika. Nyinyi mliokuwepo mnakumbuka nilivyokuwa nikiuliza kila asubuhi kama kuna mtu wa Bungoma kwenye foleni. Nilikuwa na uchungu na yule kijana. Leo sina. Mimi mwenyewe kwetu ni Vihiga, na babangu alipoanza kutetemeka mikono tulifanya jambo lile lile bila kumuuliza mtu yeyote. Mzazi akikaribia kudhoofika unamrudisha mahali ambapo kila mtu anamjua na hakuna mtaro. Wekesa alifanya kile ambacho mwana mwema wa kwetu hufanya. Nimemtafuta mwenye kosa katika habari hii mara nyingi, na kila nikimgusa mtu namkuta alikuwa anafanya wema. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu ningempata wa kumlaumu ningepumzika.

Mwaka ule ule nilikwenda Vihiga kumzika shangazi. Tulipomaliza mazishi nikaona siwezi kurudi Nairobi bila kufika Bungoma. Niliuliza njia kwa jina la Mama Nafula, fundi wa nguo, nikaonyeshwa boma. Mahindi yalikuwa yamevunwa, yameanikwa uani kwenye turubai. Alikuwa amekaa kwenye kigoda akichambua maharagwe kwa vidole. Aliposikia hatua aliinua kichwa, akakigeuza upande.

Nilijua kabla hajasema kitu. Mtu aliyepoteza katikati ya jicho hukutazama kwa pembeni, kama kuku anavyotazama.

"Ni nani huyo?"

"Ni mimi, mama. Photographer wa Kawangware."

"Photographer! Karibu, karibu. Sogea hapa nione masikio yako. Uso siuoni, lakini masikio naona."

Niliketi. Sikuweza kusema salamu zote. "Lini, mama?"

"Si mistari ilipinda. Kwanza mmoja tu, hapa karibu na kile kidoti. Halafu ikawa mingi, ikawa kama mabati."

"Ilianza kupinda wakati gani?"

"Tulikuwa tunapalilia."

Niliangalia yale mahindi kwenye turubai. Sikuhitaji kuhesabu wiki.

"Mbona hukutuma mtu? Mbona hukumwambia Wekesa?"

"Nimwambie nini, na ni nyinyi mlikuwa mmeshamwambia? Nabii alisema itakuja. Ikakuja. Asubuhi ile nilisema tu, haya, karibu, nilikuwa nakungoja."

"Lakini daktari alisema ukiona imepinda uje siku hiyo hiyo."

"Alisema. Lakini hiyo si huwa anaambia kila mtu? Hata wale wa kijani anawaambia. Mimi nilikuwa nyekundu. Nilijua hiyo ya kuja ni ya wale jicho yao inaweza okolewa."

Akaendelea na maharagwe. Akatoa jiwe dogo, akalitupa pembeni, na kidole chake hakikukosea.

"Mama," nikasema, "tulikuambia ili uje."

Vidole vikasimama. Aligeuza kichwa upande tena, akaangalia masikio yangu.

"Oh," akasema. "Mimi nilijua mliniambia nijiandae."

Nilitoka nje ya boma nikajifanya naongea na simu. Nililia pale kando ya ua kama mtoto, na koti nililokuwa nimevaa ni lile alilonishonea mkono.

Nilimpigia Wekesa, akaja usiku huo huo na basi, kesho yake akarudi Nairobi na mama yake. Skani niliipiga mimi. Mikono yangu ilikuwa baridi, na ni mara ya kwanza nilisahau chai. Pale katikati palikuwa na kovu jeupe, nene, na majimaji kidogo pembeni. Alipelekwa hospitali kubwa akadungwa sindano, majimaji yakakauka, na hilo lilisaidia asipoteze zaidi. Kovu lilibaki. Anaona njia, anaona rangi, anaona masikio ya watu. Hatungi uzi.

Wekesa alinikuta kwenye korido. Alikuwa amevaa nguo za kazi, zina matobo ya cheche.

"Mzee, tulimpeleka nyumbani ndio asiumie."

"Najua."

"Kama mngesema tu kuna dawa."

"Tulisema kuna hatari."

"Eeh. Hiyo ndio tulisikia."

Nilimpigia Sista Anyango Siaya nikamweleza yote. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Mlimuuliza ataenda wapi akitoka hapo kwenu?" Nikasema hapana. Hakunigombeza. Aliniuliza magoti yangu yanaendeleaje, tukaongea habari ya magoti.

Ndipo nikaelewa maneno yake ya ule ukuta. Tulijua kubandika karatasi kwenye kadibodi. Huu unabii tuliubandika moja kwa moja juu ya maisha ya watu, na ukafuata mabonde na milima yake. Mtu wa mtaa wetu akiambiwa na nabii kwamba jambo linakuja, anajua la kufanya: anasali, anaita familia, anatengeneza nyumba. Hakuna aliyewahi kumfundisha kwamba kuna unabii unaotolewa ili mtu auzuie. Na sisi tuliokuwa tukijua hivyo, tulioishi mtaa mmoja nao na kusali nao, tuliona ni jina la kuchekesha.

Kwa hiyo nawaomba jambo moja, na sitaomba lingine. Programu ikitoa nyekundu, msianze na hatari. Anzeni na dawa. Semeni: jicho hili linaweza kuokolewa, na ndiyo maana tunakutaka karibu. Halafu mwulizeni mgonjwa, na mwulizeni mwanawe, "Sasa mkitoka hapa mtafanya nini?" Kisha mnyamaze mpaka wajibu. Mkisikia neno ushago, vuteni kiti. Daktari Mutiso amekubali, na mmeanza kufanya hivyo. Nimewasikia kupitia ukuta, mnafanya vizuri. Inachukua muda na foleni inanung'unika, iacheni inung'unike.

Siku ya kuniaga mlinunua keki na soda, na Daktari akasema maneno mengi mazuri kuliko ninavyostahili. Kabla ya keki, Brenda, ambaye sasa anakaa kwenye kiti changu, aliniita kwenye kompyuta. Alikuwa amepewa kazi ya kulinganisha yale ambayo programu ilitabiri na yale yaliyotokea kweli. Kila jicho lilikuwa na mstari wake na alama mwishoni. Alisimamisha kidole kwenye mstari mmoja.

"Cheki hii, mzee. Hii ilipata kabisa. Ilisema nyekundu, na ndani ya mwaka ikageuka."

Lilikuwa jicho la kushoto la Mama Nafula. Mwisho wa mstari palikuwa na alama ya kijani, ya sahihi. Brenda hakumjua, alikuja baada yake, na hakukuwa na kosa lolote katika alichosema. Programu iliulizwa kama jicho litageuka, ikajibu vizuri. Juu ya mstari ilikuwepo ile skani niliyoipiga mimi, kali, katikati kabisa, bila kope, bila vumbi, na tabaka zote zinaonekana. Katika miaka yangu yote ya kazi sidhani kama nimepiga picha nzuri kuliko hiyo.

Nikamwambia Brenda ndiyo, ilipata. Kisha nikamwomba afungue na ile ya mwisho, yenye kovu, aziweke mbili pamoja kwenye skrini, na avute kiti akae. Wenzake walikuwa wanatuita kwenye keki. Nikamwambia jina la mwenye jicho hilo, na kwamba alikuwa fundi pale Toi, na kwamba ukimpelekea suruali kubwa alikuwa anakupunguzia kiuno huku umesimama.